Shamba la Kitambaa Chekundu

Mgeni alikuwa ameishi katika familia ile miaka kumi na tisa, amezaa humo watoto watatu, amezika humo mmoja, na bado aliitwa Mgeni. Aliyempa jina hilo ni wifi yake, dada wa mumewe, siku ya kwanza kabisa alipoingia na begi lake la nguo, na kwa kuwa wifi huyo hakuwa na tabia ya kufuta alichokwisha kukitamka, jina lilibaki. Mgeni naye hakukubali kulala na deni. Baada ya wiki mbili alimbandika wifi yake jina la Meja, kwa sababu mwanamke yule hata alipoomba chumvi aliiomba kama anayekagua gwaride. Jina hilo likashika kuliko la kwanza. Watoto wa jirani walimpigia saluti akipita, naye aliwajibu.

Ndivyo walivyoishi hao wawili, kutwa wakichambana. Asiyewajua angeita wazee wasuluhishe. Anayewajua alikumbuka kwamba Mgeni alipofiwa na mwanawe, Meja ndiye aliyelala naye sakafuni mwezi mzima bila kusema neno la maana, na siku ya thelathini na moja akamwambia, "Haya, inuka sasa. Unakoroma kama injini ya boti, majirani wamechoka." Mgeni alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na tangu siku hiyo alijua kwamba mdomo mchafu wa wifi yake ni kitu cha kutunzwa.

Kazi yao ilikuwa mwani. Mwani ni zao lisilo na staha hata kidogo. Halingoji jua lichomoze wala kengele ilie. Linangoja bahari ipungue, na bahari haijawahi kumuuliza mtu ana ratiba gani. Maji yakitoka, wanawake wanayafuata hadi yawafike kiunoni, wamejifunga nguo kuukuu na kuvaa soksi za zamani za watoto ili wasichomwe na miiba ya chini. Wanapigilia vigingi kwenye mchanga, wanavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba wanafunga vichane vya mwani kwa taitai, zile nyuzi laini za kufungia, kimoja kimoja, migongo imepinda, hadi maji yarudi kuwafukuza. Baada ya wiki sita wanavuna, wanaanika, wanauza. Huko unakoenda, husagwa na kutiwa kwenye dawa za meno na maziwa ya kopo, kwa hiyo watu wengi mno duniani wameulamba mgongo wa Mgeni bila kujua.

Jambo moja ni lazima lieleweke, maana bila hilo mengine yote hayana maana. Mwani haupandwi kwa punje. Mbegu ya mwani ni mwani wenyewe. Ukivuna, unabakiza vichane vilivyo hai, unavifunga upya, vinakua, unakata tena. Mwani wote wa ghuba ile, kamba maelfu kwa maelfu, ulikuwa ni mmea mmoja uliokatwakatwa kwa miaka thelathini na sita. Ukiacha kuufunga msimu mmoja tu, umekwisha, na hakuna kopo wala ghala la kuchota mwingine.

Mmea huo uliletwa na mama mkwe wa Mgeni, mama mzazi wa Meja. Miaka hiyo thelathini na sita iliyopita, mtaalamu mmoja kutoka ng'ambo alishuka ufukweni na gunia linalotiririka maji, akauliza nani anataka kujaribu kulima baharini. Wanaume walimtazama kama mtu anayeuza upepo kwa kilo. Wanawake walijifunika midomo. Mama huyo, Meja akiwa mgongoni, alijitwika gunia na kuingia nalo majini, na sababu yake hakuificha hata uzeeni: mumewe alikuwa ameshasema hapana. Mwaka wa kwanza alichekwa. Mwaka wa pili aliezeka bati. Mwaka wa tatu wanawake wote waliokuwa wakicheka walikuja na vibeseni kuomba kichane, naye aliwapa wote bila kumwacha hata mmoja, kisha akawakumbusha kicheko cha kila mmoja wao, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mbele ya watu. Tangu hapo aliitwa Bi Gunia. Zao lile lilisomesha watoto na kujenga vyumba, na liliwafundisha wanaume wa ufuko ule kusema "naomba".

Kisha maji yakapata joto.

Si joto la kawaida la kiangazi. Wanawake walioingia saa tano asubuhi walisema ni kama kusimama kwenye sufuria ambayo mtu amesahau kuiepua. Mwani ukaanza kupata weupe kwenye viungo, pale tawi linapoungana na tawi, weupe kama wa kidonda kilichofungwa muda mrefu. Kesho yake tawi linakatika. Wiki moja, kamba imebaki na taitai tupu zinazopepea. Ghuba ya kusini ilikwisha kwanza, ya kaskazini ikafuata, kisha yao. Ofisa aliyetumwa kuwashauri, ambaye aliitwa Bwana Shamba ingawa mashamba yenyewe yalikuwa chini ya maji na yeye hakupenda kulowa, alizunguka kote kutafuta mbegu hai, akarudi mikono mitupu.

Lilibaki shamba moja. Lilikuwa la Bi Gunia, sasa likitunzwa na Meja, kule mwisho kabisa kwenye mdomo wa mkondo, ambapo maji baridi kutoka nje ya mwamba hupita kila siku. Kamba kumi na mbili. Wanawake arobaini na mmoja walikaa kikao wakakubaliana kwamba hakuna atakayelikata mpaka msimu wa baridi. Maji yakipoa, kila mmoja atapewa kichane chake, kama zamani, na ghuba itaanza upya. Maisha yote ya ufuko ule yalikuwa yamefungwa kwenye kamba hizo kumi na mbili, kwa nyuzi laini.

Kamba zote majini zinafanana, kwa hiyo kila mwanamke alifunga vitambaa vya rangi yake kwenye vigingi vinne vya pembe. Vya Meja vilikuwa vyekundu, vilivyochanwa kwenye sketi iliyokataa kumwingia. Vya Mgeni vilikuwa vya bluu, kutoka kwenye shati la kazi la mumewe, baharia wa meli za mizigo ambaye alirudi nyumbani kila alipokumbuka. Mashamba ya mawifi hao yalipakana, yakitenganishwa na hatua chache tu. Lakini la Mgeni lilikuwa upande wa nchi kavu, maji baridi hayakulifikia, na lilikuwa limekufa lote. Kamba zake zilishika ute mweupe unaonuka.

Bwana Shamba akatoa agizo. Mashamba yaliyooza yang'olewe kabla uozo haujafika kwenye mkondo. Wanawake wengi walikuwa wameshachoka mgongo na moyo, kwa hiyo aliwakodi vibarua sita waliokuwa wakimwaga zege kwenye ghala jipya, wanaume wa bara wasiojua mwani na mchicha vinatofautiana wapi. Kiongozi wao aliitwa Fundi Zege. Meja aliwapanga ufukweni kama wanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti bweni.

"Kesho nitakuwa mbele yenu," akawaambia. "Lakini hata nikifa leo, sikilizeni. Shamba lenye vitambaa vyekundu haliguswi. Mengine yote ng'oeni, kamba na vigingi. Fundi, nimesemaje?"

"Chekundu hakiguswi, mama."

"Tena."

"Chekundu hakiguswi."

"Mkiligusa, zege mtakalomwaga litakuwa la makaburi yenu."

Kisha, kwa kuwa alikuwa na hadhira, akamgeukia wifi yake.

"Mgeni, shamba lako likitolewa kesho, tuliombee dua au tulipigie makofi?"

"Lipigie saluti, si ndiyo kazi uliyosomea."

"Hapana, nitalisomea wasifu. Marehemu alifungwa ovyo, akapaliliwa kwa uvivu, akafa mweupe. Ameacha mjane mmoja, ambaye hata kulia atachelewa."

Wanawake walicheka, na vibarua wakacheka, na Mgeni akacheka kwa sababu ilikuwa zamu yake kuchekwa. Lakini hilo neno la mjane lilimuuma, yeye ambaye mumewe alikuwa akiishi baharini. Lilihitaji jibu, na jibu la mdomo lisingetosha.

Watu walipoanza kupandisha kwenda makwao, Mgeni alisema amesahau kisu chake majini. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Alifika mkondoni yakiwa juu ya mapaja. Alifungua vitambaa vinne vyekundu, akafungua vinne vya bluu, akavibadilisha. Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa. Alikuwa ameshaipanga picha nzima kichwani. Kesho Meja atatangulia na vibarua sita nyuma yake, kifua mbele, ataona vitambaa vyake vikielea juu ya ute, na kwa hatua ishirini hivi ataamini kwamba shamba la mama yake limekufa usiku. Hatua ishirini zingetosha. Atapiga yowe litakaloruka hadi ghuba ya kusini. Kisha Mgeni atasema, "Marehemu alifungwa vizuri, Meja, lakini alitunzwa na mdomo," na itakuwa hadithi ya kusimuliwa miaka kumi. Alicheka peke yake mpaka maji ya chumvi yakamwingia puani.

Asubuhi yake, saa moja, Bi Gunia alitoka kunawa uso. Sakafu ya saruji ilikuwa na maji. Walisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti ya mama ikisema bila haraka yoyote, "Njooni mniokote, nimevunjika."

Nyonga. Mguu ulikuwa umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Jirani alitoa gari, wakamlaza kiti cha nyuma, Meja akishika kichwa na Mgeni akishika miguu. Njiani Meja alimpigia simu Bwana Shamba.

"Mama ameanguka. Nisubirini. Nikichelewa na maji yakakimbia, endeleeni tu, Fundi anajua. Chekundu asiguse." Akasikiliza. "Ndiyo. Leo ndiyo bamvua la mwisho, najua, kesho maji hayatatoka vya kutosha. Sawa."

Mgeni aliyasikia maneno hayo yote, akaanza kuhesabu saa zilizobaki kabla maji hayajatoka.

Zahanati ilikuwa na benchi mbili, feni moja isiyozunguka na bango la kuhimiza unawaji mikono lililobandikwa juu ya bomba kavu. Bi Gunia alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido, akisubiri daktari ambaye alikuwa njiani tangu jana. Mgeni aliketi akitazama mraba wa jua sakafuni. Wanawake wa mwani hawahitaji saa. Aliona mraba ule ukisogea vigae viwili, akajua maji yameanza kutoka. Ukasogea vingine viwili, akajua vibarua wanaweza kutoka na boti yao.

"Wifi," alisema.

"Nini?"

"Unadhani watakusubiri?"

"Watasubiri. Yule Bwana Shamba anaogopa maji kuliko paka." Meja alikuwa akimpepea mama yake kwa kadi ya kliniki. "Kwani una nini? Umekunja uso kama aliyeanguka ni wewe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: nimebadilisha vitambaa. Lakini Bi Gunia alikuwa akiuma pindo la kanga ili asipige kelele, jasho linamtiririka shingoni, na Meja alikuwa na macho mekundu ambayo Mgeni hakuwahi kuyaona tangu ule mwezi wa sakafuni. Mbele ya hayo, utani uliokuwa mtamu sana jana ulionekana kitu cha mtoto mpumbavu. Mgeni aliona aibu. Akatoka nje na simu.

Alibonyeza namba ya Bwana Shamba. Ikaita mara mbili. Akaikata mwenyewe kabla haijapokelewa, kwa sababu Bwana Shamba hakuwa na kifua, na angemwambia Meja kabla ya kumwambia Fundi. Akampigia mwanamke jirani, mmoja wa waliopangiwa kuchimba shimo la kufukia uozo, kule nyuma ya vichaka.

"Vibarua wameshatoka?"

"Sijui, shoga. Sisi tuko ndani ya shimo, tunaona mbingu tu. Boti sijaisikia. Wanamsubiri Meja, nadhani. Bi Gunia yu hali gani?"

"Anasubiri daktari."

"Mwambie asitufie, kuna kazi."

Mgeni alilipokea lile neno "nadhani" kama cheti chenye mhuri. Akarudi kwenye benchi, akaketi, na mraba wa jua ukaendelea kutembea sakafuni kigae kwa kigae.

Hawakusubiri. Bahari ilipoanza kutoka, Fundi Zege, mtu mwaminifu na mwenye kupenda kumaliza kazi mapema, alipendekeza waanzie mbali kabisa ili warudi na maji. Bwana Shamba aliona ni hekima, akabaki kivulini. Shamba la mbali kabisa lilikuwa kwenye mdomo wa mkondo, lina vitambaa vya bluu. Waling'oa kamba zake kumi na mbili, wakaujaza mwani botini, wakaumwaga ufukweni juu ya mchanga mweupe. Ilikuwa saa nne. Kisha wakarudi kuchukua mizigo mingine, na mingine, wakiimba.

Mawifi walirudi saa nane. Daktari alikuwa amefika, akamfunga Bi Gunia na kumlaza wodini. Meja hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ufukweni na viatu vyake vya mjini, Mgeni nyuma yake. Palikuwa na malundo tisa. Nane yalikuwa meupe, yananuka, yamejaa nzi. La kwanza lilikuwa la kahawia.

Meja alisimama mbele ya lundo lile la kahawia. Aliinama, akachukua tawi, akalikunja. Mwani hai hukunjika kama kidole cha mtoto. Huu ulivunjika.

"Hili mmelitoa wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa cheo chake.

Fundi Zege alikuja akijipangusa mikono, anatabasamu. "La mwisho kabisa kule, mama, la vitambaa vya bluu. Lakini lile lako la chekundu hatukuligusa hata kwa kidole. Kusema kweli tuliliona bovu kuliko yote, tukashangaa. Lakini amri ni amri."

Meja alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu anayefunga vichane mia tatu kwa siku, na Fundi alikaa chini. Halafu aliingia majini na viatu vyake vya mjini. Maji yalikuwa yameshajaa, yakamfika kifuani, yakamfika shingoni, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea, wanawake waliokuwa wametoka shimoni walianza kupiga kelele arudi. Alirudi na kitambaa chekundu mkononi.

Kufikia hapo habari ilikuwa imeshafika kwenye nyumba zote. Wanawake arobaini walisimama kuzunguka lundo. Bwana Shamba, ambaye alihitaji mkosaji upesi asije akawa yeye, alitangaza kwamba vibarua watapelekwa polisi wote sita na hakuna atakayelipwa. Mmoja wa vibarua alianza kulia. Fundi alikuwa bado mchangani, ameshika shavu, akirudia, "Chekundu hakiguswi. Alituambia mwenyewe. Chekundu hakiguswi."

"Mnamwonea," alisema Mgeni. "Ni mimi. Nilivibadilisha jana. Ulikuwa utani."

Alitegemea kofi. Alikuwa amesimama tayari kulipokea, uso ameunyoosha. Alitegemea pia tusi, moja la yale marefu ya Meja yenye utangulizi na hitimisho. Meja alimtazama tu, maji yakimdondoka kwenye nguo.

"Ulijua tangu zahanati," alisema.

"Nilijua."

"Ulitoka nje na simu."

"Ndiyo."

Meja akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu asichotaka kukinunua. Kisha akapiga magoti kwenye lundo na kuanza kulichambua. Wanawake wote wakapiga magoti. Walichimba kwa mikono hadi katikati, ambako jua halikufika, na kila aliyepata tawi linalokunjika alilitia kwenye ndoo ya maji ya bahari. Mgeni alipiga magoti pamoja nao. Hakuna aliyemfukuza, ila waliokuwa kulia kwake na kushoto kwake walisogea kidogo, kama watu wanavyompisha mgonjwa. Walipomaliza walikuwa na ndoo moja na nusu. Huo uliobaki, Bwana Shamba aliuchukua kiganjani, akaunusa, akasema kwa masikitiko ya kitaalamu kwamba ulikuwa umekauka vizuri sana, daraja la kwanza.

Walimalizia kung'oa shamba bovu la Mgeni, na ule mwani wa ndoo waliufunga kwenye kamba moja na kuirudisha mkondoni. Kulikuwa na vichane sabini na vinne. Tangu siku hiyo Mgeni alikwenda kuvitazama kila maji yalipotoka, akiwa peke yake. Bamvua lilikwisha, yakaja maji mafu, yale yasiyotoka wala kujaa vizuri, na wanawake wenye akili hawaendi mkondoni siku hizo. Yeye alikwenda, kidevu juu, vidole vya miguu vikitafuta mchanga. Alipapasa kamba kwa mikono. Siku ya nne aliusikia ulaini usio mzuri kwenye viungo. Siku ya sita alikuta taitai tupu kumi na moja. Vichane vilikuwa vimekaa mchangani saa nyingi mno, na mwani ulioonja jua unaalika weupe hata kwenye maji baridi.

Bi Gunia alikuwa amerudishwa nyumbani, kalazwa chali kwenye kitanda cha chumba cha mbele, mguu umening'inizwa kwa kamba ya mwani na tofali. Aliambiwa kila kitu. Hakulia. Kila Mgeni aliporudi, alimwita mlangoni.

"Vimebaki vingapi?"

"Arobaini na viwili, Mama."

Kesho yake, "Vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Njoo karibu." Mgeni akasogea. Mzee alimshika mkono, akavinusa vidole vyake, kisha akauachia. "Usinidanganye tena. Hivyo kumi na tisa vyenyewe vimeoza."

"Nina matumaini na sita."

"Mimi niliingia na gunia zima," alisema Bi Gunia, akitazama dari. "Zima. Na nilichekwa." Akageuza uso ukutani, na hakuuliza tena siku zilizofuata.

Siku ya kumi na tatu palibaki kichane kimoja. Mgeni hakukigusa. Alisimama kando yake mpaka maji yalipomfika mdomoni, akakitazama kikipeperuka kwenye mkondo, kahawia, chenye vidole vitano. Siku ya kumi na nne, pale kilipokuwa palikuwa na taitai tupu. Aliufungua ule uzi kwa meno, hakujua kwa nini, akavuta kamba, akang'oa vigingi viwili vya mwisho vya ghuba ile, akajitwika kichwani, akapandisha.

Meja alikuwa jikoni akiosha sufuria. Tangu siku ya malundo hakumnyima Mgeni chakula, wala hakumnunia, wala hakumsema kwa majirani. Majirani walipotaka kumsema, aliwanyamazisha. Alikuwa amemlipa Fundi Zege kwa mfuko wake na kumwomba radhi ya lile kofi. Kila kitu alikifanya sawasawa, kama kitabu cha mwongozo.

Mgeni alitua vigingi mlangoni. "Kimekwisha," alisema.

"Pole," alisema Meja. "Pole na kazi. Kuna maji ya moto ya kuoga, na chakula nimekufunikia."

Mgeni alibaki amesimama, nguo zinachuruza sakafuni, chumvi ikianza kumkauka usoni. Alimtazama mwanamke yule mgongo, akatafuta kitu, chochote, akakipata.

"Wifi, hilo sufuria unaliosha au unalikagua? Ukiendelea kulikodolea hivyo litasimama mguu sawa."

Meja aliacha kusugua. Kisha akageuka, uso wake mpole kabisa, uso wa mtu anayempokea mgeni ambaye hakumtarajia.

"Samahani, dada," alisema, "nimekuzibia njia," na akasogea pembeni ili Mgeni apite.